Mgonjwa akisema "sijambo", muulize tena

Leo ukitoka ibadani huenda utapita kumjulia hali mgonjwa. Ni desturi yetu njema, na sitaki uiache. Ninachotaka tutafakari pamoja ni neno la kwanza tunalolitamka tukifika mlangoni, na jibu tunaloondoka nalo.

Tunasema, "Hujambo, baba?" Naye anajibu, "Sijambo." Tunasema, "Unaendeleaje?" Anajibu, "Namshukuru Mungu." Lugha yetu ina heshima nyingi, na heshima hiyo haimruhusu mtu kuanza na malalamiko. Hata aliye mahututi huitikia "marahaba" kwanza. Basi tunaimba, tunaomba, tunaacha sukari na sabuni mezani, na njiani tunaambiana kwamba mzee anaendelea vizuri. Kumbe hatujui lolote.

Nimejifunza hili kwa aibu. Miaka michache iliyopita, katika jumuiya yetu huku Kilimanjaro, mzee mmoja aliugua saratani ya mapafu. Jina lake nitalihifadhi. Alikuwa fundi seremala, na kwa miaka mingi aliimba besi katika kwaya ya usharika. Ugonjwa ulianza kama kikohozi cha kawaida. Alipungua uzito, akaanza kutema damu, na alipofikishwa hospitali kubwa saratani ilikuwa imekwisha kuenea. Madaktari walieleza wazi kwamba kuiondoa yote haitawezekana.

Tulikwenda kumwona jumuiya nzima, watu kumi na wanne katika chumba kimoja. Ulikuwa msimu wa baridi, tukafunga dirisha. Tuliimba nyimbo nne, kila mwenye neno akalisema, na maombi yakachukua karibu nusu saa. Mzee alikuwa amelala chali, shuka limenyooshwa vizuri kwa ajili yetu. Nilipomuuliza hali alisema, "Sijambo. Mungu ni mwema." Mimi nilikuwa katibu wa jumuiya. Nikaandika kwenye daftari: anaendelea vizuri.

Mkewe alinisindikiza hadi penye mgomba wa mwisho. Hapo akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba hawezi kulala chali. Akilala hivyo anajiona kama anazama majini. Na lile dirisha tunaliacha wazi usiku kucha. Mlipolifunga, alikuwa anahesabu nyimbo zenu akiomba ziishe."

Sijasahau maneno yale.

Vidole vya mkono

Juma lililofuata alikuja muuguzi wa tiba shufaa kutoka hospitali ya kanisa. Tiba shufaa, kwa asiyeifahamu, ni huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso mengine ya mwili, ya moyo na ya roho, pamoja na kuisaidia familia yake, tangu ugonjwa mzito unapojulikana. Mimi nilimwonyesha njia, na mzee akanikaribisha nikae.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Hujambo?"

"Sijambo."

Yule binti akatabasamu, akavuta kigoda, akakaa mpaka macho yao yakalingana. "Hilo jibu ni la wageni, baba. Sasa niambie mimi. Kwa siku hizi tatu, maumivu yamekuwaje? Nionyeshe kwa mkono. Ngumi ni hakuna kabisa. Vidole vitano ni maumivu makali kupita yote."

Mzee akaonyesha vidole viwili.

"Na kupumua?"

Vinne.

"Wasiwasi juu ya ugonjwa wako?"

Vitatu.

Kisha akamuuliza kama moyo wake una amani, na hapo akaeleza kwamba hesabu inageuka: vitano ni amani wakati wote, ngumi ni kuikosa kabisa. Mzee akaiacha ngumi imefungwa. Tukanyamaza. Nilikuwa nimemsikia mtu huyu akiimba besi Jumapili baada ya Jumapili, na sikujua.

"Kwa nini, baba?"

"Miezi mitano sijafika kanisani," alisema, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Nikikohoa, watu wanasogea mbali kwenye benchi. Wengine wanadhani ni kifua kikuu. Wengine wananong'ona kuwa ni sigara zangu. Ni kweli nilivuta. Niliacha, lakini nilivuta. Sasa hata Chakula cha Bwana nakiona kama si changu."

Katika maombi yetu marefu hakuna aliyegusa jambo hilo, maana hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Maswali yale muuguzi hakuyabuni njiani. Yanatokana na kipimo kilichotengenezwa na Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika, ambacho makao yake yako Kampala. Kina maswali 10 tu. Saba anaulizwa mgonjwa: maumivu, dalili nyingine, wasiwasi, kama anaweza kuwaeleza ndugu na rafiki yaliyo moyoni, kama anaona maisha yana thamani, kama ana amani, na kama familia imepata msaada na ushauri wa kutosha wa kupanga mambo ya mbele. Matatu anaulizwa anayemtunza: kama amepewa maelezo ya kutosha, kama anajiamini katika kumhudumia, na kama yeye mwenyewe ana wasiwasi. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 5, na asiyejua kusoma anaweza kujibu kwa vidole vyake.

Huko Ulaya nako wataalamu wa saratani wana dodoso lao lililochapishwa mwaka 1993, lenye maswali 30 kwa mgonjwa yeyote wa saratani, na mwaka uliofuata wakaongeza mengine 13 kwa mgonjwa wa mapafu. Katika hayo 13, kukosa pumzi kunaulizwa mara tatu: ukiwa umepumzika, ukitembea, na ukipanda ngazi. Waliotunga walijua kwamba mtu anayehema akiwa amekaa kitini ana maisha tofauti kabisa na anayehema akipanda ngazi, ijapokuwa picha za mapafu yao zinaweza kufanana.

Najua yuko atakayesema kwamba kumpima binadamu kwa namba ni kumshusha hadhi. Nami niliwahi kufikiri hivyo. Lakini namba ile haikuwa mwisho wa mazungumzo. Ngumi iliyofungwa ndiyo iliyomfanya muuguzi aulize kwa nini. Na alipoandika vidole vinne vya pumzi, juma lililofuata alijua pa kuanzia: je, vimepungua au vimeongezeka? Daftari langu lilikuwa na neno "vizuri" tu, na neno hilo halikumsaidia mtu.

Swali la Yesu pale Yeriko

Mpendwa, soma tena Marko sura ya 10. Bartimayo ameketi kando ya njia, anapiga kelele, na umati unamkemea anyamaze. Yesu anasimama, anaagiza aitwe. Kila mtu pale anaona kwamba mtu huyu ni kipofu. Hata hivyo Bwana anamuuliza anataka atendewe nini. Mwenye uwezo wa kujua yote alimwachia ombaomba nafasi ya kusema haja yake kwa kinywa chake mwenyewe. Sisi tusiojua yote tunaingia chumbani kwa mgonjwa tukiwa na majibu tayari.

Soma na Yohana sura ya 9. Hapo wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na swali lao la kwanza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anakataa lile swali, kisha anatengeneza tope na kuanza kazi. Sasa jiulize, ukisikia fulani ana saratani ya mapafu, swali lako la kwanza ni lipi? Wengi wetu husema, "Alikuwa anavuta?"

Ni kweli kwamba tumbaku ndiyo inayosababisha sehemu kubwa ya saratani hii duniani, na kijana anayesoma hapa asianze, na anayevuta aombe msaada aache leo. Lakini wapo wanaougua ambao hawakugusa sigara maisha yao yote. Moshi wa kuni na mkaa katika jiko lisilo na dirisha, moshi wa sigara za wengine, hewa chafu, vumbi la asbesto, vyote vimo katika orodha ya visababishi. Mwaka 2022 peke yake watu wapatao milioni 2.5 duniani waligundulika na saratani ya mapafu, na wapatao milioni 1.8 walifariki kwa ugonjwa huo. Hakuna saratani inayoua watu wengi zaidi. Je, hao wote tutawapanga mistari miwili, wa kuhurumiwa na wa kulaumiwa?

Tena, hata aliyevuta. Mzee wetu alivuta, na alilikiri bila kuulizwa. Lawama yetu haikupunguza uvimbe hata kidogo. Ilichofanya ni kumwondoa kwenye benchi la kanisa. Wagonjwa wa saratani hii hubeba aibu ambayo wengine hawabebi, na aibu hiyo humfanya mtu afiche kikohozi na achelewe hospitali. Basi kanisa linalonong'ona linaongeza ugonjwa.

Je, tiba shufaa ni kukata tamaa?

Wapo waumini wanaosikia "tiba shufaa" wakaelewa "amekwisha". Wengine wanaona kuikubali ni upungufu wa imani. Niruhusu nikueleze jambo lililotokea Boston, Marekani.

Katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, madaktari waliwachukua wagonjwa 151 waliokuwa wametoka kugundulika na saratani ya mapafu iliyokwisha kuenea. Wote walipewa matibabu ya kawaida ya saratani. Nusu yao, kwa kura, waliongezewa tiba shufaa tangu mwanzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Walioongezewa walikuwa na maisha bora kwa vipimo vya maswali kama yale niliyoyaeleza. Wenye dalili za sonona miongoni mwao walikuwa asilimia 16, na upande wa pili asilimia 38. Siku za mwisho walipewa matibabu mazito machache zaidi. Pamoja na hayo, kwa wastani wa kati waliishi miezi 11.6, na wenzao miezi 8.9.

Si kila utafiti uliofuata ulionyesha nyongeza ile ya miezi, na sitaki umwahidi mtu miezi ambayo haiko mkononi mwako. Lakini kwamba mgonjwa huishi siku zake vizuri zaidi, hilo limeonekana mara nyingi. Kwa hiyo anayekwambia kuwa tiba shufaa humharakisha mtu kaburini hana ushahidi.

Na huduma hii imetoka kwetu, wapendwa. Mama aliyefungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967, Cicely Saunders, alikuwa muuguzi, kisha mhudumu wa jamii, kisha daktari, na alikuwa mwamini. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu ni ya mwili, ya moyo, ya mahusiano na ya roho kwa pamoja. Msingi wa kazi yake aliueleza kwa ombi la Yesu kule Gethsemane. Unalikumbuka? Bwana aliomba kikombe kimwepuke, na pia aliwaomba rafiki zake wakae macho pamoja naye. Mwana wa Mungu aliomba kuponywa na akaomba kuwa na mtu karibu, katika usiku uleule. Nani alituambia tuchague moja?

Hapa Afrika Mashariki, Dk. Anne Merriman, aliyekuwa mtawa mmisionari, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na dawa ya mofini ya kunywa, inayochanganywa kutoka kwenye unga kwa gharama ndogo, ikawafikia wagonjwa majumbani. Uganda ikabadilisha sheria ili hata wauguzi waliopata mafunzo maalumu waweze kuiandika. Kwetu Tanzania, hospitali kadhaa za KKKT, Selian ya Arusha ikiwa miongoni mwa za mwanzo, zimekuwa zikitoa tiba shufaa mpaka nyumbani kwa mgonjwa. Kwa hiyo usiogope jina la mofini. Ikipimwa na mtaalamu na kutumiwa kama alivyoelekeza, haiui wala haimfanyi mgonjwa kuwa teja. Hutuliza maumivu, na kwa kipimo kidogo inaweza kupunguza ile hali ya kukosa pumzi. Hufunga choo, basi mwombe mtaalamu na dawa ya kulainisha.

Utakapokwenda kumwona

Hebu tufike kwenye mambo ya mikono yetu.

Ukifika kwa mgonjwa wa mapafu, ingieni wachache. Anayehangaika na pumzi anashindania hewa, na kila neno analokujibu analinunua kwa hewa hiyo. Kaa muda mfupi. Fungua dirisha. Jiko la mkaa litolewe nje. Mwinue akae, aegemee mito, au aegemee mbele juu ya meza ndogo. Chukua kipepeo au feni ndogo ya mkono, umpepee usoni kuzunguka pua na mdomo. Usidharau jambo hili dogo; wataalamu wamelifanyia utafiti, na upepo ule wa usoni kweli hupunguza hisia ya kukosa pumzi.

Kisha muulize, na uulize kitu kimoja kimoja. Umelalaje usiku wa jana? Ulipata choo? Chakula kinapita? Ni saa ngapi za siku pumzi inakuwa ngumu zaidi? Ni jambo gani linalokusumbua ambalo hatujakuuliza? Kama anajibu "namshukuru Mungu", mshukuru Mungu pamoja naye, halafu uulize tena kwa upole. Ukipata jibu, usiligeuze mahubiri. Lipeleke kwa muuguzi, kwa mchungaji, au kwa mwenye gari atakayempeleka kliniki.

Usimsahau mama anayemtunza. Muulize na yeye. Huenda kwa majuma mengi hajalala usiku mmoja kamili. Mtu wa jumuiya akilala pale Ijumaa moja ili mama apumzike, hiyo ni ibada.

Na kama ni wewe unayekohoa kwa majuma mawili au zaidi, nenda hospitali. Kama ulianzishiwa dawa za kifua kikuu ukazimeza kama ulivyoelekezwa na bado hupati nafuu, rudi useme hivyo, uombe uchunguzwe zaidi. Dalili za magonjwa haya mawili zinafanana sana, na huku kwetu wapo wagonjwa wa saratani wanaotibiwa kifua kikuu kwa miezi kabla ya ukweli kujulikana. Na sote tukumbuke: saratani ya mapafu haiambukizi. Hakuna sababu ya kusogea mbali kwenye benchi.

Nimalizie na mzee wetu. Nilipeleka habari yake kwa mchungaji, kwa ruhusa yake. Wazee wa kanisa wakaweka kiti chenye mikono karibu na dirisha la pembeni, jirani na mlango, ili akizidiwa atoke bila kupita mbele za watu. Jumapili moja mchungaji akatumia dakika mbili za matangazo kueleza kwamba ugonjwa wa mapafu wa aina ile hauambukizi, wala kanisa si mahakama ya wagonjwa. Hakumtaja mtu.

Mzee alikuja Jumapili nne. Dawa za muuguzi zilimsaidia pumzi kidogo, vidole vinne vikawa vitatu. Jumapili ya pili alishiriki Chakula cha Bwana akiwa amekaa kwenye kile kiti. Mchungaji ndiye aliyemfuata. Kwaya ilipoimba sikusikia sauti yake, lakini niliona midomo yake ikifuata besi. Muuguzi alipokuja tena na kumuuliza juu ya amani, mzee alimwonyesha vidole vinne, akasema cha tano anakihifadhi.

Alifariki mwezi uliofuata, amekaa, dirisha likiwa wazi.

Kile kiti bado kipo kanisani kwetu. Je, kwenu kipo? Kuna nani aliyeacha kuja kwa sababu ya kikohozi chake, na nani amemuuliza? Leo ukimpitia, usiridhike na "sijambo" ya kwanza. Vuta kigoda, kaa chini, muulize tena, na umngoje ajibu.

Mungu akubariki. Jumapili njema.